Skripti Niliyoiita Salamu

Bibi yetu mzaa baba alipofariki, aliyeleta habari mjini alikuwa baba mdogo. Nilikuwa na miaka kumi. Alibisha hodi asubuhi, suruali imelowa umande hadi magotini, akakaribishwa, akavutiwa kigoda. Baba akamwuliza, "Habari za huko?" Akajibu, "Nzuri." Za nyumbani? "Salama tu." Za mashamba? "Mahindi yanakwenda vizuri, tunashukuru." Akaletewa maji, akanywa taratibu, akarudisha kikombe, akafuta midomo kwa kiganja. Ndipo akasema, "Ila mama ametutoka juzi."

Nilikuwa mtoto wa hasira za karibu, na hadi leo sijapona. Baada ya matanga nilimfuata baba nikamwambia kuwa mdogo wake ni mwongo. Kama mama yao amekufa, hiyo nzuri aliitoa wapi? Na mahindi yanahusu nini? Baba hakunikemea. Alisema, "Alikuwa ananipa nafasi nikae kwanza."

Jibu hilo sikulikubali kwa miaka karibu thelathini. Niliona ni uvivu wa watu wasiojua kwenda moja kwa moja kwenye jambo. Nimelikubali juzi juzi tu, na kwa kuchelewa kwangu baba yangu amepoteza macho. Ninayoandika hapa ni namna yalivyopotea huku mimi nikimpigia simu kila wiki na kumwuliza habari zake.

Ninafanya kazi Mbeya. Ofisi yetu iko Mwanjelwa, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge. Shirika letu, ambalo sitalitaja, linasimamia mtandao wa kompyuta wa vituo vya afya arobaini na kimoja, kuanzia mpakani hadi Iringa, vingine milimani kwenye ukungu na vingine chini kabisa kwenye mbuga za Usangu. Kila kituo kina seva yake, kompyuta ndogo isiyozimwa, imefungiwa kabatini pamoja na madaftari ya zamani na aghalabu chupa ya chai ya mlinzi. Ndani ya kila seva kuna huduma, yaani programu inayokesha bila mtu kuiona. Kazi yake ni moja: kupokea majibu ya vipimo kutoka maabara kubwa na kumfikishia daktari wa kituo. Ikilala, majibu nayo yanalala. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuhakikisha hailali.

Mwanzoni nilifanya hivyo kwa simu. Kila siku ya kazi saa mbili asubuhi nilianza juu ya orodha, nikapiga kituo kimoja baada ya kingine, nikamwomba aliyepo afungue kabati na anisomee mashine inasema nini. Maneno ya mashine yalichukua nusu dakika. Salamu zilichukua zilizobaki. Huku Rungwe naambiwa ugonile, nami nijibu kama nilivyofundishwa, kisha niulizwe baridi ya Mbeya inaniacha salama. Kule kwetu Iringa wanasema kamwene, na kwa sababu wananitambua kwa lafudhi, wananiuliza baba hajambo, kibanda chake cha saa kinaendelea, na mimi bado tu? Bado tu maana yake sijaolewa. Usangu kuna muuguzi mmoja, binti wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, aliyenifundisha kusema mwangaluka, na nikikosea matamshi alicheka hadi nikasikia wagonjwa wakicheka pamoja naye.

Mashine zenyewe zilitajwa mwisho kabisa. "Nzuri, dada. Huku salama. Watoto wameanza shule. Ila sasa hii mashine yenu tangu jana imezima taa." Nilikuwa natamani kuingia ndani ya simu na kumkamata mtu shingo. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa nimemaliza orodha, sauti imekauka, na vituo vya mwanzo huenda vilikuwa vimeshalala tena.

Jumamosi moja ya mvua nilikaa ofisini peke yangu nikaandika skripti. Kwa asiyejua, skripti ni orodha ya amri unayoiandikia kompyuta mara moja, kisha inaifuata kila unapotaka, bila kununa wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Yangu haikufika mistari thelathini. Ilichukua orodha ya vituo, ikaingia kwenye seva ya kwanza kwa njia ya mtandao, ikauliza huduma inaendeleaje, ikaandika jibu, ikahamia ya pili, hivyo hivyo hadi ya arobaini na moja. Niliipa jina la salamu, kwa kejeli. Mara ya kwanza nilipoiendesha ilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nilisimama nikapiga makofi, mtu mzima, peke yangu chumbani.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Jibu la seva huja na maneno mengi: neno la hali, kisha maelezo kwenye mabano, kisha tangu lini, kisha mistari mingine ambayo haikuulizwa na mtu. Ukurasa wangu ulijaa takataka na safu hazikukaa sawa. Seva nazo, nikasema moyoni, zimeambukizwa. Nikaiambia skripti ichukue neno la kwanza tu na kukata yote yanayofuata. Ukurasa ukanyooka. Kushoto jina la kituo, kulia neno moja la Kiingereza, active, yaani inafanya kazi, kwa rangi ya kijani, arobaini na moja kwa mpigo. Bosi aliubandika ukutani nyuma ya kiti chake.

Jumatatu nikawaandikia watu wa vituo kwenye kundi letu la simu: kuanzia leo msipige simu kuhusu mashine, mashine zinajieleza zenyewe. Wakajibu asante, wengine wakaweka vidole gumba. Muuguzi wa Usangu peke yake aliandika, "Sawa dada, ila tutakusikia lini?" Sikumjibu. Niliona ni utani.

Simu yangu ilinyamaza siku ile ile. Wiki ya kwanza niliona raha, wiki ya pili nikawa naitazama nikidhani imeharibika. Watu arobaini na mmoja walikuwa wakiniuliza kila asubuhi nimeamkaje, na mimi niliwafuta wote kwa mistari isiyofika thelathini. Nilikuwa nafika ofisini saa mbili, saa mbili na dakika tano kazi ya siku imekwisha, na chini dirishani Mwanjelwa nzima inapigiana kelele, wauza mitumba, wapiga debe, akina mama wa maparachichi, kila mtu anamjibu mtu. Jioni nilirudi Uyole nilikopanga vyumba viwili. Malori yalipita kwenda Makambako na vikombe vikatetemeka kabatini. Nilipika viazi viwili. Ukichemsha viazi viwili kwenye sufuria ya familia unavisikia vikigongana, na mimi niliwahi kuongeza cha tatu nisichokitaka ili sauti ile iishe.

Nilikuwa mpweke, sina haja ya kulizungusha. Lakini niliuita upweke ule ufanisi, na ufanisi watu wanakupongeza.

Baba alikuwa fundi saa. Kibanda chake kiko Iringa mjini, si mbali na soko, na amekaa hapo tangu kabla sijazaliwa, lenzi imebanwa jichoni, kibano mkononi, redio ndogo ikisema peke yake. Alikuwa akijisifu kuwa anaona kiroboto akikonyeza. Mama alikwisha fariki, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Tulikuwa na mkataba wetu usioandikwa: kila Jumapili saa nne asubuhi, yeye akitoka ibada ya kwanza, mimi nampigia. Na mazungumzo, mwaka ule wa skripti, yalikwenda hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Haya baba, nipo kazini kidogo, tutaongea."

Nilikuwa kazini kweli, Jumapili nyingi. Si kwa kulazimishwa. Ofisini kulikuwa na joto kuliko nyumbani.

Nimejaribu kuzikumbuka zile ila zake, moja moja, kama mtu anayeokota shanga zilizokatika. Ya kwanza ilikuwa msimu wa mvua. "Nzuri. Ila hii taa ya kibandani siku hizi haina nguvu." Nikamwambia abadilishe balbu. Wiki chache baadaye: "Nzuri. Ila nimebadilisha balbu tatu, hata sijui wanatengeneza nini siku hizi." Nikamwambia anunue ya kampuni nyingine, nikakata. Ya tatu: "Nzuri tu. Ila juzi nimegongana na kijana wa mkokoteni pale kona, hata sijui alitokea wapi." Nilisema vijana wa mikokoteni hawana adabu. Ya nne sijui ilikuwa inasema nini. Nilisikia ila, nikasikia akivuta pumzi, nikasema haya baba, na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

Baada ya hapo sikumbuki nyingine. Ilibaki nzuri peke yake. Nikafurahi kwamba hatimaye mzee amejifunza kuongea kwa kifupi.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbeya imekolea, simu ya ofisini ikalia. Muuguzi wa Usangu. "Mwangaluka, dada!" Nikaitikia, nikauliza kuna nini. "Hakuna kitu. Nimesema tu nikusalimie. Umetupotea sana."

Nusura nimwambie nipo kazini. Lakini siku ile kwa kweli hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno tangu asubuhi, hata mama wa duka la vitenge alikuwa na mafua ananipungia mkono tu. Nikaacha aongee. Mtoto wake ameota meno. Mpunga mwaka huu umekubali. Shemeji yake ameuza ng'ombe akanunua pikipiki na sasa anajuta. Nikamwuliza na kituo je, kinaendeleaje?

"Nzuri tu. Ila majibu ndiyo haiji."

"Hayaji tangu lini?"

"Eh, sasa ni wiki ya tatu. Tunatuma bodaboda inaenda kufuata makaratasi. Kuna mama mmoja mjamzito wa huko ndani kabisa, ametembea mara mbili, anakuta hakuna. Jana amerudi mara ya tatu."

Nikafungua ukurasa wangu. Kituo chao kilikuwa kijani. Active. Nikamwambia haiwezekani, mashine inasema nzuri.

"Basi sawa, dada," akasema kwa upole.

"Wiki tatu! Mbona hukunipigia?" Nilikuwa nimeshapandisha sauti.

"Si ulisema tusipige?"

Nilipokata simu niliingia kwenye seva ile kwa mkono wangu, kama zamani, nikauliza swali lile lile, na safari hii nikasoma jibu lote. Neno la kwanza lilikuwa active. La pili, lile la kwenye mabano, lilikuwa exited, yaani imeshatoka. Kulikuwa na mantiki yake. Huduma ile ilikuwa imefungwa kwa mtindo wa zamani: mashine inaiamsha, inaandika kwenye kumbukumbu kwamba imeiamsha salama, kisha haiangalii tena nyuma. Programu yenyewe ilikuwa imekufa siku ishirini zilizopita. Mashine haikunidanganya hata kidogo. Ilisema nzuri, halafu ikasema ila, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeikata hiyo ila kwa amri niliyoandika kwa vidole vyangu ili safu zikae sawa.

Nikaiamsha huduma. Majibu yaliyokuwa yamelala yakaanza kushuka Usangu, na la yule mama lilikuwemo. Muuguzi akaandika, "Yamefika, Mungu akubariki." Nikafuta ile amri ya kukata. Ukurasa ukarudi kuwa mchafu, na katika uchafu ule nikakuta vituo vingine viwili vimesema vimeshatoka. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutazama meza.

Kutoka hapo hadi kwa baba ilikuwa hatua moja, lakini sikuipiga siku ile. Niliipiga Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Nzuri."

Nikanyamaza. Nilisikia redio yake, na mtu akipita akimsalimu, naye akijibu kamwene. Akangoja nikate. Sikukata.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, baba. Umesema nzuri. Ila?"

Akacheka, kicheko cha mtu aliyekutwa amejificha. "Ila nini sasa?"

"Sijui. Nakuuliza wewe."

"Ila kidogo tu hizi macho," akasema. "Zinanisumbua kidogo. Wewe fanya kazi."

Jumatatu kabla ya saa moja nilikuwa stendi Uyole nimepanda basi la Iringa. Sikulala njiani wala sikusoma. Tulipita Igawa, tukapita Makambako kwenye upepo, tukapita misitu ya Mafinga, na mimi nilikuwa nahesabu balbu tatu.

Nilimkuta kibandani, amenyoa ndevu, ameketi wima nyuma ya meza yake. Nilisimama mbele yake, hatua tatu hivi, upande wa kulia. Hakuinua uso. Nikasema shikamoo, ndipo akageuka, akageuka kupita mahali nilipo, kisha akarudi akanipata. Alifurahi mno. Alisema nimekonda, na najua hakuona kama nimekonda.

Kwenye meza kulikuwa na saa kumi na saba, kila moja imefungiwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Nikazishika moja moja. Hakuna iliyofunguliwa. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya vioo vyake, na lenzi ya jicho ilikuwa ndani ya kikombe, imepinduka.

Jirani yake ni mama wa chai, na ndiye aliyenieleza, pembeni, huku akijifanya anaosha vikombe. Baba alikuwa akifungua kibanda kila siku saa mbili, anapokea saa, anamwambia mteja, "Njoo Ijumaa." Mteja akija Ijumaa anaambiwa, "Njoo Ijumaa." Miezi minne. "Hata sisi hatukushtuka," mama akasema. "Fundi gani hana Ijumaa yake? Cherehani Ijumaa, redio Ijumaa. Tukasema mzee naye ameanza ufundi wa kweli." Alisema hivyo ili nicheke, na nilicheka, kisha nikalia nimeshika kikombe chake cha bati.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole aliyeongea polepole. Presha ya macho, alisema. Huanza pembeni na kuja katikati bila maumivu, mtu anaona kama taa zimepungua nguvu, anagongana na vitu vya ubavuni. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibakiwa na upenyo mdogo katikati. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki huenda kikalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kukosa, kwa maisha yake yote. Kama angekuja mwaka mmoja nyuma, akasema, kisha hakumaliza.

"Hakuwahi kulalamika?" akaniuliza.

Baba alikuwa amekaa kando yangu, mikono juu ya magoti. Akafungua mdomo kunitetea. Nikamwahi.

"Alilalamika," nikasema. "Mara nne."

Nilimwomba ahamie kwangu Mbeya. Alikataa pale pale. Uyole atamjua nani? Hapa anajua ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi barabarani, anajua kila mtu kwa sauti, na mtu akinyamaza anamjua kwa viatu. Nikasema nitaomba uhamisho nije mimi. Akasema mtu haachi kazi kwa sababu ya matone mawili. Tukapatana kwamba mama wa chai atamtilia dawa asubuhi na jioni, na mimi nitapiga simu kila siku. Zile saa kumi na saba nilizirudisha kwa wenyewe mmoja mmoja, nikiomba radhi. Watatu walikataa kuchukua. Walisema watangoja Ijumaa.

Kabla sijaondoka nilimnunulia simu mpya. Yake ilikuwa ya vitufe, imefutika tarakimu. Hii mpya ilikuwa kubwa, ya kioo kitupu, herufi zinakuzwa hadi kujaza kiganja, ili lile jicho la kushoto lisihangaike. Nilijipongeza kwa wazo hilo. Hata baada ya yote, bado nilikuwa mtu wa kujipongeza.

Sasa nampigia kila siku, na wala simharakishi. Namwuliza habari za huko, anasema nzuri. Nangoja. Zamani nilikuwa siwezi kuvumilia ukimya wa pumzi mbili kwenye simu, siku hizi nakaa ndani yake hadi sikio linapata joto. Vituo navyo nimevirudishia simu, kwa zamu, vitano kwa siku. Skripti inaniambia nianze na nani, lakini mwenye kuniambia mambo ni mtu. Nimeambiwa ya ubatizo, ya mbolea, ya mume aliyehama. Ila zao zinakuja zenyewe, mwishoni, kama zilivyokuwa.

Ya baba ndiyo haiji.

"Na macho, baba?"

"Nzuri."

"Ila?"

"Hakuna ila, mwanangu. Haya, najua upo kazini." Na anakata yeye.

Ni maneno yangu. Nilimfundisha kwa mwaka mzima, Jumapili baada ya Jumapili, naye alikuwa mwanafunzi mzuri. Wakati mwingine namwambia leo ni sikukuu, baba, nipo nyumbani, sina kazi yoyote. Anasema, "Hata hivyo." Mama wa chai nikimwuliza anasema dawa anamtilia, mzee hajambo, tunamshukuru Mungu. Na yeye pia nasikia anavuta pumzi, lakini hamalizi, nadhani ameagizwa.

Jumapili iliyopita nilimpigia saa nne, nikiwa Uyole, mlango wazi, jua limetoka baada ya siku nyingi za ukungu. Nzuri, akasema. Hakuna ila. Najua upo kazini. Nikangoja mlio wa simu kukatwa. Haukuja. Nikasikia kidole chake kikigusa kioo, tap, tap, tena tap, kikitafuta kitufe kwenye simu niliyomnunulia mimi, simu isiyo na kitufe hata kimoja cha kupapasa. Kisha nikasikia akiiweka mezani, taratibu, kwa imani kwamba imekatika.

Redio ilikuwa chini. Kijiko kikagonga kikombe.

"Leo kuna mawingu, eh?" baba akauliza.

"Mawingu ya wapi, babu?" ilikuwa sauti ya mama wa chai, inacheka. "Jua lote hili!"

Kicheko chake kikakatika chenyewe.

"Ndiyo," baba akasema. "Jua." Kisha, kwa sauti ya chini, "Usimwambie huyu mtoto. Ana kazi nyingi."

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba. Nikavuta kigoda kwa mguu, polepole kisije kikalia, nikakaa. Sikukata simu.